Kichwa cha Mwisho Kukijua

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mkasi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu wa mfanyakazi aliyepaka rangi mabehewa.

Shule ya msingi aliimaliza mwaka 1966 kwa kusukumwa. Hesabu ziliingia sikio hili zikatokea lile, hata mwalimu wake akasema kichwa cha kijana huyu hakishiki kitu. Baadaye mwalimu huyo akawa mteja wake, na Marehemu hakuacha kumkumbusha maneno hayo, wembe ukiwa shingoni.

Ukinyozi ndio uliomkaa. Mteja aliyepotea miaka mingi alipapaswa kisogo tu, akatajwa jina na kuulizwa hali ya mama yake.

Tarehe 20 Agosti 1977 alimwoa mshonaji wa duka la jirani, akamwita Mwenzangu. Walijaliwa binti, kisha mapacha wa kiume. Watoto aliwanyoa mwenyewe. Mkewe alisukwa kwa msusi, maana hakutaka mashine ya kunyolea imkaribie.

Februari 2018 kiharusi kilimlemaza mkono wa kulia, kikafuta majina na sura. Watoto aliwatambua kwa kuwapapasa vichwa: kovu hapa, kinundu pale. Lakini mkewe hakumtambua; alimdhania nesi, akimshukuru kwa adabu zote. Mama, mkewe huyo, alijikaza mbele za watu, akalia jikoni. Daktari alimweleza kwamba ubongo uliojeruhiwa bado hujifunza, ila polepole na kwa kurudiarudia. Basi Mama akaketi kwenye kiti cha kinyozi, akamkabidhi mashine.

"Zote?" Marehemu akauliza.

"Zote. Kisha unishike kichwa mpaka unizoee."

Akamnyoa kwa mkono wa kushoto, vibaya mno. Wakarudia kila Jumamosi. Miezi ilipita, watoto wakamsihi Mama aache, asijitese. Hakuacha. Jumamosi moja ya Novemba mkono ukatulia kisogoni.

"Mwenzangu," akasema, "nani kakuharibu nywele hivi?"

Mama alicheka huku machozi yakimtoka, na nyumba nzima ikapumua. Jina hilo halikumpotea tena.

Marehemu alifariki usingizini, nyumbani, tarehe 9 Mei 2023. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mwalimu wake, ambaye sasa hajui atanyolewa na nani.

Mama amekuja leo bila kilemba, ili sote tuione kazi ya mwisho ya fundi, ya Jumamosi iliyopita. Upande mmoja umezidi mwingine.

Apumzike kwa amani. Alitujua sote.