Mapaji Matatu kwa Saa Nzima

Benchi la mama Marlène lilikuwa Nchelenge, upande wa Zambia, mbele ya ofisi ya misheni, karibu na mitumbwi ya kwenda Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Kahawa yake ilikuwa chungu, lakini hapakuwa na nyingine. Mwaka huo wa 1999 ofisi ilikuwa na kompyuta moja na waya wa simu hadi Lusaka, na katika mashine ya Lusaka zilihifadhiwa picha mia mbili na kumi za watoto waliopotezana na wazazi katika vita vya ng'ambo. Ukurasa wa mtandao wa picha hizo niliutengeneza mimi. Asubuhi ile mama Emilienne, aliyevuka ziwa kumtafuta mwanawe Guylain, alikuwa ndani mbele ya kioo cha kompyuta. Boti ya kumrudisha ingeondoka saa sita. Sisi tulikuwa nje, tukimsaidia kwa maneno.

— Saa nzima, na ameona mapaji ya uso matatu tu, alisema Stéphane, tuliyemwita Ingénieur kwa kuwa alitengeneza redio na baadhi zilipona. Photo inashuka toka juu. Mbele ya kufika kwa pua, simu inakatika.

— Kwa nini? aliuliza Marlène.

— Waya inapita kwa majimaji. Photo inalowa, inakuwa nzito.

— Awe, hapana, ba Ingénieur! alicheka Kafula, mnunuzi wa samaki. Ni batu ba Lusaka. Kila picha banaisimamisha, banaikagua kama lori.

— Munajua nini, ninyi? Satellite ilianguka, alisema Marlène. Kaka yangu aliona moto ukizama ziwani.

— Upande gani?

— Wa Zambia.

— Basi ni yetu, alisema Kafula, kisha akanigeukia. Ba madam, weye ulisoma. Picha ni kubwa?

— Ndogo, nilijibu kwa sauti ya chuo kikuu. Kwenye kioo ni kama stempu.

— Ulizipunguza, ao uliamuru zionekane ndogo?

— Niliamuru tu zionekane ndogo.

— Mimi nikitaka chisense, hawa dagaa wetu, aliendelea Kafula, muuzaji analeta samaki kidogo kwa sahani. Nikipenda, tunafungua gunia. Haleti gunia zima nichungulie kwa tundu.

Mimi nilikuwa nimeleta gunia zima: picha kubwa, zikionyeshwa ndogo. Magunia mia mbili na kumi yalikuwa yakipita kwenye waya mwembamba ili yatazamwe kwa tundu.

— Na hiyo sahani apange mara moja, aiache pale pale, aliongeza Kafula. Asipange upya kila mteja akikuja.

Emilienne akatoka, macho mekundu. Nikamweleza: leo hii nitampigia mtu wa Lusaka atengeneze picha ndogo, aziweke kando ya zile kubwa. Kesho zote zitafika kwa dakika chache, ndogo kama ukucha, na atakayoitaka ataifungua.

— Kama ukucha, alirudia. Kule kambini batoto bote banawanyoa. Bote banakonda. Kwa ukucha, mama atajua wake na nini?

Ingénieur akatazama viatu vyake. Marlène akainamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Nilimwonyesha Emilienne kidole gumba changu: picha za ukubwa huu? Akatikisa kichwa. Nikachukua kiboksi cha kiberiti kando ya jiko. Akakipokea, akakishika mbali kidogo na uso kama picha.

— Hapa, alisema. Hapa nitamuona.

Kule majini mwenye boti ya saa sita akaanza kuita abiria. Emilienne akaketi kwenye benchi.

— Ita Lusaka, aliniambia.