Nyinyi Mmeshazoea

Fundi cherehani alitega sikio bila haya. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi, mama mmoja alikuwa akimwambia nesi wa chumba cha dharura, "Lakini nyinyi mmeshazoea, mwanangu."

"Kushona tumezoea, mama. Jana nimemshona mke aliyekatwa na mumewe. Nikafika nyumbani, mtoto akaangusha sahani, nikashtuka mpaka nikalia. Leo namwambia metroni tunataka mshauri nasaha wa kukaa naye. Zile 'pole, kanywe chai' zimetosha."

"Mtu huvumilia tu," mama akashikilia.

"Nimevumilia. Akikataa leo, kesho namrudia."

Fundi akasikitika kwamba metroni hakuwemo basini; angesikia na jibu lake.

Basi likasimama. Nesi alishafika mlangoni mama alipouliza, kwa sauti ndogo ambayo fundi alijuta kuisikia, "Huyo mshauri, ni wa manesi tu?"