Mmefagia Msitu

Sikilizeni wanangu, na wewe kifungua mimba acha kuninyooshea mto, mto uko sawa. Kaa kando ya dada yako niuone uso wako. Nimetoka hospitali mkanipitisha nyuma ya nyumba nikaone zawadi, nami nikakuta msitu wa baba yenu umefagiwa kama sebule, vichaka vimefyekwa, majani makavu yote yamerundikwa ukutani. Ukaniambia kwa furaha, “Mama, sasa wageni watamwona yule ndege vizuri.” Watamwona wapi, baba? Nani humkaribisha mtu mezani huku anamwaga chakula chake?

Mmekua naye na hamkumtazama. Anatosha kiganjani, mgongo wa kijani kilichofifia, kidari rangi ya chungwa, mstari mweupe juu ya jicho kama aliyepakwa chaki. Haishi juu mitini. Anaishi chini, penye kivuli na unyevu. Anaruka hatua mbili tatu, anatulia, anageuza jani kwa mdomo, analitupa, anadona kidudu kilichojificha chini yake. Siafu wakipita huandamana nao kando, si kuwala wao, bali kunyakua panzi na buibui wanaowakimbia. Jani ndilo ghala lake. Wewe ukaona taka.

Dada yako alikukataza, ukamjibu, “Wewe umeshaolewa, msitu haukuhusu.” Hilo pia nimelisikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe hukusikia la mkuu wala la mdogo, na guu lililovunjika ni la kiumbe asiye na kosa.

Basi nyumba na karakana ni zako, sikunyang’anyi. Msitu, toka ukuta wa nyuma hadi kijitoni, ni wa dada yako, na usiingize reki wala mgeni bila idhini yake. Usininunie. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimekuchelea mno.

Maji yakimwagika hayazoleki, majani yanazoleka. Yarudisheni leo, myatawanye ovyo, msiyapange. Huenda yule ndege asirudi. Huenda... nipe maji. Basi, yatosha. Msikae hapa kunitazama nikipumua. Mungu awape subira, awape na macho. Wote wawili. Hata wewe, mwanangu... wewe hasa. Nendeni. Turubai la kubebea majani liko stoo. Wewe shika ncha moja, na yeye... yeye ashike ya pili.