Mwamba Aliouficha Kaka Yetu

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Kapteni Kimya, nanyi mnivumilie sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha barafu, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, na mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kwamba ana akili ila hasemi.

Mwaka 1973 aliingia uvuvi pamoja na baba, na mwaka 1981 akapata boti yake mwenyewe. Wavuvi mnajua kwamba kwetu mtu atakuvulia shati lake akupe, lakini mahali anapovua hakutajii. Kaka alikuwa na mwamba wake chini ya maji, wenye samaki wengi, na ili tusimfuate alizima injini njiani, akainama na spana, akajifanya imemgomea, hadi sote tupite, nasi kwa miaka ishirini na sita tukamhurumia kwa injini mbovu.

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuza samaki sokoni, ambaye naye hakuambiwa kitu, wakajaliwa watoto watano na wajukuu tisa, na wote mwamba ule umewalisha na kuwasomesha.

Mwaka 2004 meli kubwa za kukokota nyavu zilianza kuingia hadi karibu na ufuko, zikikwangua chini mchana kweupe, na miamba miwili ya wenzetu ikasagwa, kwa kuwa wenyewe walishindwa kuitaja, na kamati ya uvuvi ya halmashauri ikasema hatuna ushahidi kwamba pale chini kuna kitu cha kulinda. Kaka alikonda kwa mawazo. Tarehe 19 Juni 2007, katika ukumbi wa halmashauri, mbele ya kamati, mawakala wa meli na sisi sote, aliomba ramani, akaweka kidole juu ya mwamba wake, akasema ni hapa. Akasimama mwingine, na mwingine, hadi ikatajwa miamba kumi na minne, na mwaka uliofuata meli zikakatazwa eneo lile. Tangu hapo alivua akiwa amebanana na boti zetu, akilalamika kwamba tunapiga kelele.

Februari 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa miaka miwili, akafariki Jumanne tarehe 8 Aprili 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na viti, na wavuvi wenzake ambao leo, kwa heshima yake, hamkupeleka baharini hata boti moja.

Kaka, siku ile ya ramani niliondoka ukumbini bila kukuaga, nikakununia miezi mitatu, kwa sababu mimi, wa tumbo moja na wewe, niliujua mwamba wako siku moja na watu baki. Tulipatana bila mimi kusema neno, nawe hukuniuliza. Wanangu wanavua pale, wanakula, wanasoma. Nisamehe, kaka yangu, na upumzike kwa amani.