Geng Suqiao, Aliyepasua Gunia Tumboni

Ndugu wa marehemu, majirani, wanunuzi mliotoka mbali, wauzaji wenzake wa soko la mizizi la Luzhuang, pamoja na ninyi mliokuja kuhakikisha kwa macho yenu kwamba kweli ameondoka: karibuni, kaeni. Ameondoka. Lakini kabla sanduku la majivu yake halijashushwa, familia inasoma maisha yake tangu mwanzo, kwa sababu wiki hii sokoni umesomwa mwisho tu, tena umesomwa vibaya.

Inasemwa kwamba Bibi Geng Suqiao ameuawa na mizizi yake mwenyewe. Inasemwa alitafuna dawa miaka yote hadi ini likaoza. Maneno hayo yakiachwa yasimame, kizimba chake kitafungwa kabla ya mwaka mpya, na anayekitaka mnamjua. Kwa hiyo sikilizeni.

Geng Suqiao alizaliwa tarehe 11 Machi 1952 katika kijiji cha Xiaogeng, kusini mwa Luzhuang, mkoa wa Hebei, mtoto wa tatu wa Mzee Geng Baotian na mkewe, Bibi Qi. Alizaliwa bandani, katikati ya mizizi iliyoanikwa, kwa kuwa mama yake alikuwa anachambua mzigo siku hiyo na hakuona sababu ya kuacha kazi mapema. Kwao dawa haikuwa hekima ya kale wala siri ya mababu. Ilikuwa zao, kama mtama, na likiharibika mlikuwa hamli.

Alianza Shule ya Msingi ya Xiaogeng mwaka 1959, miaka ya njaa, watoto walipotia mdomoni chochote kilichokuwa karibu. Mwalimu wake, Mwalimu Tao, alisimulia hadi uzeeni siku alipogawa chaki mpya na Suqiao akaing'ata yake.

"We mtoto, hicho si chakula."

"Najua, mwalimu. Ya wiki iliyopita ilikuwa nzuri. Hii ina mchanga."

Mwalimu akaichukua, akaandika ubaoni, na chaki ikakwaruza mpaka darasa zima likaziba masikio. Tangu siku hiyo chaki ilipoletwa, alipewa yeye kwanza. Aliingia sekondari ya wilaya mwaka 1965. Mwaka uliofuata madarasa yakafungwa, akarudi shambani. Cheti hakupata, na hakuwahi kujifanya anacho.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kituo cha serikali cha kununua mizizi, chini ya mkaguzi aliyeitwa Mzee Mu. Huyo ndiye aliyemfundisha kuvunja, kunusa, kutafuna na kutema. Huangqi, ule mzizi mrefu wa kurudisha nguvu ambao ndio uliotulisha sote hapa, ukikatwa una njano katikati na weupe pembeni, na wazee wa kazi huita hicho kisima cha dhahabu chenye ukuta wa jiwe. Ukitafuna unapata utamu kwa mbali na harufu ya maharage mabichi. Tarehe 1 Mei 1985, kituo kilipoacha kazi, alifungua kizimba chake mstari wa mashariki.

Hakuwa mtakatifu, na angekasirika kusikia tunamwita hivyo. Alipenda faida. Mnunuzi aliyetoka kwake anatabasamu alikuwa hajafikiri vizuri. Alishindana kwa bei hadi na watu wa nyumbani mwake, na ukimpa zawadi alikuuliza umeinunulia wapi ili akuambie umeibiwa.

Kisha ukaja wakati wa salfa. Mizizi ilifungiwa ndani ya banda pamoja na moshi wa salfa, ikatoka myeupe, haina mdudu, inapendeza macho. Vizimba vyote vikaanza. Bwana Kuang, mnunuzi wa kutoka kusini, akasimama mbele ya magunia ya Bibi Geng akakunja uso.

"Dada Geng, mizizi yako ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Jirani yako Pu anayo myeupe kama unga."

"Basi kanunue unga."

"Wateja wangu wanataka weupe."

"Wateja wako macho wanayo. Ulimi wameupeleka wapi? Tafuna wa Pu, kisha tafuna wangu, uniambie upi umekukaba koo."

Bwana Kuang akatafuna, akakohoa, akafuta machozi, akaenda kununua wa Pu. Ndivyo soko lilivyokuwa. Viongozi wa soko wakamfuata wakamwomba afukize kidogo tu, asiharibu sura ya mstari mzima. Akawaambia salfa haileti weupe tu, inaficha unyevu pia, na mzizi mbichi una uzito. "Mnauza maji kwa bei ya mzizi," alisema, "halafu mgonjwa anakwenda kunywa moshi." Walimhamishia kizimba nyuma, karibu na choo. Akaweka kibao kipya, herufi kubwa kuliko za mwanzo: MIZIZI YA NJANO.

Tarehe 9 Septemba 2013 wakaguzi walifika, kwa sababu kuna mtu aliyepeleka malalamiko kwamba Bibi Geng anachanganya mizizi. Mtu huyo hatujamjua, na hatumtafuti tena. Kwa nafaka, mkaguzi angechoma gunia kwa bambo akatoa punje za katikati. Vipande vya mizizi haviingii kwenye bambo, kwa hiyo kila mtu alichota juu juu, na kila muuzaji wa Luzhuang alijua nini cha kuweka juu. Bibi Geng alichukua kisu chake cha kukatia, akapasua gunia lake mwenyewe tumboni, mzigo ukamwagika sakafuni.

"Chukueni hapa."

"Mama, vizimba ni vingi," akasema mkemia wao, Bwana Yan Shuo. "Tunachota panapofikika."

"Na mgonjwa naye anakunywa panapofikika?"

Bwana Yan alitazama sakafu, akacheka, akapiga goti na kuchota. Bibi Geng akavuka hadi mstari wa mashariki, kizimba cha jirani yake wa zamani, na kisu mkononi.

"Jirani Pu, nitumie hiki au unacho cha kwako?"

"Dada, haya magunia ni mali yangu."

"Sawa. Na mafigo ya mnywaji ni mali ya nani?"

Gunia la Bwana Pu lilipopasuliwa, watu waliosimama mbele walirudi nyuma wakishika pua. Siku ile yalipasuliwa magunia ya mstari mzima, na urafiki wake na soko ukaisha pale pale.

Majibu ya maabara yalikuja. Magunia mengi ya wenzake yalikuwa na salfa kupita kiasi. Ya kwake hayakuwa nayo hata kidogo, ila mzigo mmoja, uliotoka shamba la bondeni, ulikutwa na madini mazito ya sumu kutoka udongoni. Akapanda basi hadi maabara.

"Mzigo huo nimeutafuna mwenyewe. Ni mtamu."

"Ni mtamu kweli, Mama Geng," akasema Bwana Yan. "Sumu hii haina ladha."

"Rudia."

Akarudia.

"Rudia kwa mashine nyingine."

Akarudia. Bibi Geng akanywa chai aliyopewa, akasema, "Basi ulimi wangu una mpaka, na leo nimeufikia." Akautoa mzigo wote ukaharibiwe. Bwana Pu akamcheka mbele ya watu: "Hata yeye." Akamjibu, "Ndiyo, hata mimi. Ndiyo maana tunapima." Kuanzia hapo alichokitafuna kilikwenda maabara, na kilichotoka maabara alikitafuna tena. Gunia lililopita upande mmoja tu halikuuzwa. Bwana Kuang naye alirudi, na akauziwa ghali.

Tarehe 18 Desemba 1976 aliolewa na Shan Delin, tabibu wa zahanati ya Luzhuang, aliyejulikana kwa kusoma mapigo ya mkono kwa vidole vitatu. Walikutana kituoni akija kununua. Katikati ya kupatana bei, tabibu akamshika mkono.

"Mapigo yako yanaruka, dada."

"Yanaruka kwa sababu umetaja bei ya kunitukana."

Tabibu akapandisha bei, akashika tena. Yakaruka tena. "Basi haya ni ya kwako mwenyewe," akasema, na bei akawa ameshaipandisha. Kila asubuhi ya ndoa yao, uji wa mtama ukiwa mezani, alimshika mkono. "Bado yanaruka?" mke aliuliza. "Bado." "Basi bado nipo." Walijaliwa watoto wawili, Ruowei na Hongtu. Tabibu Shan alitangulia tarehe 4 Aprili 2009. Tunaomba wote mliokuwa mnatibiwa kwake mkumbuke jambo hili: moyo huu uliruka tangu mwaka 1976, na aliyeusoma alikuwa mmoja wenu.

Februari 2023 Bibi Geng alianza kupata kizunguzungu. Binti yake Ruowei alimpeleka hospitali huko Baoding, kwa Daktari Nie. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa mtafunaji wa mizizi kwa kazi, daktari alitaka kuona ini kwanza. Kuna kifaa kinachowekwa kwenye mbavu, kinagonga ngozi na kupima ugumu wa ini, bila sindano wala kisu. Bibi Geng alikitazama kama anavyotazama gunia la mtu mwingine.

"Daktari, hiki chenyewe kimepimwa lini?"

"Mwezi uliopita, mama. Kibandiko hiki hapa."

"Kibandiko hata magunia ya Pu yanacho. Jipime wewe, kisha mpime binti yangu, kisha mimi, kisha ujipime tena. Ukijipata tofauti na mara ya kwanza, tunakwenda nyumbani."

Ruowei alitaka ardhi ipasuke immeze. Daktari Nie, ambaye yupo hapa leo, alipandisha koti lake akajipima. Akapima wote. Akajipima tena, na kifaa kikasema yale yale. Ini la Bibi Geng lilikuwa laini kuliko la daktari.

"Mwanangu, unakunywa pombe?"

"Sinywi, mama. Ni mikate ya nyama ya punda, zamu za usiku."

"Punguza. Mzizi nitakuletea, bei ya kwako."

Basi hilo ndilo ini lililooza. Damu na mkojo vilipimwa pia, na mafigo yalikuwa salama. Kisha wakambandika kifaa kifuani, akatembea nacho nyumbani wiki nzima huku kikiandika kila pigo. Kikaonyesha alichokishika mumewe kwa vidole vitatu, ila sasa kati ya pigo na pigo kulikuwa na vituo virefu. Daktari akamshauri awekewe kifaa cha kuongoza moyo, chini ya ngozi, mara moja.

Hakukataa. Aliomba asubiriwe hadi mzigo wa vuli uingie, kwa sababu wakulima wake walishapanda kwa neno lake na hakuna mwingine sokoni ambaye angenunua mizizi ya njano. Daktari alisema hapana. Ruowei alisema hapana, na alisema kwa sauti ambayo mama yake hakuizoea. Bibi Geng alisema Novemba. Maisha yake yote alipatana bei na watu akashinda, safari hii alipatana na moyo wake akashindwa. Hilo tulimlaumu akiwa hai na leo tunamlaumu. Lakini liitwe kwa jina lake, lisibebeshwe mizizi.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, alikuwa uwanja wa kuanikia akigeuza mzigo mpya wa Mzee Fei, mmoja wa wakulima wake. Alichukua kipande, akakitia mdomoni, akasema, "Huu ndio," akaanguka. Walioukimbilia mwili walikuta kipande mdomoni, na hapo ndipo maneno yalipozaliwa. Daktari Nie amethibitisha kwamba moyo ulisimama. Bwana Yan ameupima mzigo ule ule, gunia lile lile, na hakuna kilichokutwa ndani yake isipokuwa mzizi. Wote wawili wameketi hapa mbele, waulizeni.

Siku ya tatu ya msiba Bwana Pu Changfu alituma mtu na ofa ya kununua kizimba. Bei ilikuwa nzuri, na sisi si watu wa kudharau bei nzuri. Ruowei amejibu hapana. Kizimba kitafunguliwa Jumatatu, magunia yatapasuliwa tumboni kama kawaida, na mizizi ya wakulima wote walioahidiwa itanunuliwa.

Kwa desturi yetu, mtu akitoka mazikoni hupewa peremende aondoe uchungu mdomoni. Leo hakuna peremende. Gunia la Mzee Fei liko hapa mbele yenu, na Ruowei atalipasua tumboni kwa kisu cha mama yake. Bakuli litapita kwa kila mtu, na litaanzia kwa Bwana Pu, kama jirani wa zamani. Ukionja uchachu wa salfa, sema hapa hapa, mbele ya majivu, na kizimba ni chako bure. Ukionja utamu na harufu ya maharage mabichi, meza, kisha urudi sokoni na ulimi wako.

Bibi Geng Suqiao ameacha binti, Shan Ruowei, mrithi wa kizimba na kisu. Mwana, Shan Hongtu, na mkewe, Lü Ping. Mjukuu, Shan Yiran, ambaye tayari anang'ata penseli. Mdogo wake, Geng Fuhai. Wakulima wa Xiaogeng. Na wagonjwa wasiomjua, waliokunywa dawa isiyo na moshi.

Mama Geng, mapigo hayaruki tena. Pumzika kwa amani, kutafuna tuachie sisi.