Mdogo Wangu Alivyofika Luano

Walisema sitaweza. Kule mtaani kwetu Hewa Bora, chini ya hema la matanga, nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake: "Uyu na diplome yake yote, hatamuleta ndugu yake. Mama yake atazeeka pale pa mukeka." Ndugu zangu wafiwa, nilimleta.

Mnanijua. Nilisoma umeme Ulaya, nikarudi, nikajenga karakana kwa mikono yangu. Sioni haya kujisifu. Mdogo wangu alibaki kule, akapata uraia, akaingia jeshini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu walipomtuma katika nchi ya jangwa. Gari lao likapinduka. Aliwatoa wenzake wawili wakiwa hai. Aliporudi kumtoa wa tatu, gari likamlalia.

Jeshi likanitumia karatasi: azikwe kule kwa heshima zote, au arudishwe? Nikaona picha ya makaburi yale, mawe meupe kwenye mistari iliyonyooka. Nikavimba kichwa, nikasaini azikwe kule. Mama sikumuuliza. Hapo ndipo nilipoanguka.

Mama akakataa kumaliza matanga. "Matanga ya nani? Nilimuona wapi?" Majirani wakanong'ona kwamba nimemuuza ndugu yangu nitajirike. Mjomba akaacha kunisalimu. Nikaandika barua nne kwa Kifaransa safi, nikapanga vyeo vyangu vyote chini. Jibu lilikuwa lile lile: ulikwisha kusaini. Zilibaki wiki mbili wamzike kule.

Siku moja mama akaniambia nimsomee kwa Kiswahili barua ya nne. Akasikiliza hadi mwisho. "Baba, unajielezea we mwenyewe. Mutoto iko wapi mule ndani?"

Nawaambia, sijapata mtihani mgumu kama swali lile. Nikachukua kalamu, nikaandika maneno yake kwa Kifaransa, bila kuongeza langu: "Kazi yenu alimaliza. Mimi njo nilimuzaa. Munirudishie, nimulalishe." Akatia kidole gumba.

Wakakubali.

Pale uwanja wa ndege wa Luano askari wawili walishuka na jeneza lake, wakampigia saluti mama yangu, muuza mboga. Mmoja alikuwa kati ya wale ambao mdogo wangu aliwatoa garini. Akasema maneno kwa lugha yake. Nikamtafsiria mama: "Anasema yuko hai kwa sababu ya mwanao."

Mama akamtazama kutoka kofia hadi viatu. "Basi mumupe kiti. Anatetemeka."

Nawashukuru mliobeba jeneza na mliopika. Hata mlionisema nawashukuru, maana mlinitia hasira ya kuandika tena. Nanyi vijana mliosoma, someni zaidi, mnipite kama mtaweza. Lakini kabla ya kusaini, muulizeni aliyezaa.

Asubuhi ya pili baada ya maziko nilianza kurudisha vitu tulivyoazimwa: hema, viti, sufuria. Tangu habari ile ifike, mama hakuwa ametoka uani ila kwenda Luano na makaburini. Asubuhi hiyo akainuka, akajitwika sufuria kubwa, akanitangulia barabarani. Kwenye kila mlango nilishusha viti, naye akasema, kichwa juu: "Mutoto alifika. Asanti." Hatukumruka hata mmoja.