Pembe Nyeupe za Kadi ya Marehemu

Ndugu zangu, nimesimama kwa furaha. Mkiona machozi msishtuke.

Wengi mnajua kazi yangu ni kusafisha kadi. Wazee mnaocheka huko nyuma, nangoja mmalize. Ni kadi za picha za wachezaji mpira, watu huzikusanya na kubadilishana. Zikifika kwangu hapa Uriri ziko na vumbi, ziko na moshi wa jikoni. Mimi natoa uchafu kwa kitambaa laini, basi. Sipaki rangi, sikati ukingo. Ukifanya hivyo hujasafisha, umemdanganya mwenzako.

Sasa, kijana mmoja wa kisiwa cha Takawiri aliniletea kadi ya marehemu baba yake. Ilinuka moshi wa omena, wale dagaa wetu, mpaka unasikia njaa! Nikaifuta, akarudi nayo nyumbani. Baadaye akaipeleka Homa Bay, mahali wenye kadi hukutana, na mtu akagundua pembe zimepakwa rangi nyeupe.

"Ni yule mama msafisha kadi ameipaka!" wakasema. Kijana naye akaamini.

Nawaambia, nilianguka. Watu walikuja kuchukua kadi zao bila hata salamu. Kwaya nikaacha, maana niliona aibu kuimba mbele ya watu wanaoniita mwongo. Hata Mungu nilimkasirikia, niseme ukweli.

Halafu mama ya yule kijana akasikia. Akavuka ziwa, akanitafuta mpaka hapa, akanishika mkono. "Twende Homa Bay."

Mbele ya wote akatoa kichupa cha rangi nyeupe ya raba, ile tunapaka viatu vya watoto vya shule.

"Huyu alitoa moshi tu," akasema. "Kadi ilipokuwa safi, nikaona pembe zimelika. Mzee wangu alipenda kupendeza, nikazipaka. Sikujua ni kosa. Nisamehe, nyathina, mwanangu."

Tulilia sote wawili, ndugu zangu. Watu wakaniomba msamaha, na kadi zao zikarudi.

Kijana akauliza kama naweza kuitoa ile rangi. Nikamwambia naweza kujaribu, lakini akiamua kuiacha, yeyote atakayeipokea kadi lazima aambiwe. Akamwangalia mama yake, akairudisha kadi mfukoni.

"Hii sibadilishani na mtu," akasema.

Mama, uko hapo kiti cha mbele. Ero kamano ahinya, asante sana. Ungenyamaza, hakuna mtu angejua. Na nyinyi wengine, mwenzenu akisemwa vibaya na ukweli mnao, msiukalie. Nendeni mkauseme palepale alipoaibishwa.

Mwalimu wa kwaya, ile nguo yangu, kama hujampa mtu, naiomba.